Kununua nyumba Kiwalani: Mwananchi ahakiki haki ya ardhi kabla ya kulipia kuta

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Wananchi wanaokusudia kununua nyumba katika maeneo ya Dar es Salaam yanayokua kwa kasi kutokana na ufundi, biashara ndogo na sanaa, ikiwemo Kata ya Kiwalani, wanapaswa kuhakiki haki ya ardhi iliyo chini ya nyumba kabla ya kukubaliana bei. Kuta, paa na fremu ya duka vinaonekana kwa macho. Haki ya kumiliki haionekani kwa macho. Hupatikana katika nyaraka na kumbukumbu za Serikali. Familia nyingi hutumia akiba ya miaka mingi kwa ununuzi wa siku moja, na kosa linalofanyika siku hiyo huweza kuwarudia watoto wao.

Makala haya yanaeleza kwa nini maeneo kama Kiwalani yanavutia wabunifu na wanunuzi, nyaraka zipi zina nguvu gani kisheria, hatua za kufuata kabla na baada ya kulipa, na mahali pa kwenda mgogoro unapotokea.

Mitaa ya ubunifu ilivyojijenga

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728, kutoka 4,364,541 waliohesabiwa mwaka 2012. Ndani ya miaka kumi jiji limeongeza watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja wao anahitaji pa kulala na pa kufanyia kazi. Kwa wengi, mahali hapo ni pamoja: chumba cha mbele ni duka la ushonaji, uwanja wa nyuma ni karakana ya useremala au uchomeleaji, na chumba kilichozibwa madirisha kwa magodoro ni studio ya muziki.

Hivyo ndivyo mitaa mingi ya ubunifu ya Dar es Salaam ilivyozaliwa. Keko, wilayani Temeke, ilijulikana kwa samani kwa sababu mafundi walikaa karibu na mbao, wateja na wenzao. Mwenge ilijenga jina kwa vinyago vya Kimakonde. Oyster Bay ndiko Edward Saidi Tingatinga alikoanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, mtindo wa uchoraji ambao leo unabeba jina lake duniani. Sinza na Kinondoni zimehusishwa na studio za muziki wa kizazi kipya na filamu; Temeke ilitoa kundi la Wanaume lililobeba herufi za TMK; na muziki wa singeli ulichipuka katika mitaa yenye msongamano kama Manzese na Tandale.

Kiwalani ina sifa zinazofanana na hizo. Kata hiyo ipo Wilaya ya Ilala, karibu na Barabara ya Nyerere na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Inapakana au kukaribiana na Vingunguti, Kipawa, Minazi Mirefu na, upande wa Temeke, Yombo Vituka. Viwanda vya kando ya Barabara ya Nyerere viko jirani, na soko la Kariakoo linafikika kwa safari moja. Fundi anapata malighafi, mteja na nyumba ya bei ambayo asingeipata Mikocheni au Masaki.

Miundombinu nayo imelisogeza eneo hilo karibu na katikati ya jiji. Daraja la juu la Mfugale katika makutano ya Tazara lilifunguliwa Septemba 2018. Jengo la tatu la abiria katika uwanja wa ndege lilizinduliwa Agosti 2019. Awamu ya tatu ya miundombinu ya mabasi yaendayo haraka inafuata Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto. Kila mradi wa aina hiyo hupunguza muda wa safari na, kwa kawaida, huongeza thamani ya ardhi iliyo karibu.

Thamani inapopanda, nani anabaki?

Kupanda kwa thamani ni habari njema kwa mwenye haki iliyosajiliwa. Kwa mpangaji asiye na mkataba, au mnunuzi mwenye karatasi isiyotambuliwa, huweza kuwa mwanzo wa kuondoka.

Jambo hili limeonekana katika miji mingi. Mtaa wa SoHo jijini New York, Marekani, ulikuwa na majengo ya viwanda yaliyoachwa tupu. Wasanii waliingia kwa sababu nafasi ilikuwa kubwa na kodi ndogo. Mwaka 1971 mamlaka za jiji ziliruhusu wasanii waliothibitishwa kuishi na kufanya kazi katika sehemu ya majengo hayo, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuwalinda wapangaji wa majengo ya namna hiyo. Hata hivyo, umaarufu ulioletwa na wasanii ulipandisha bei, na wengi ambao hawakuwa na haki ya umiliki walihama. Walioutengeneza mtaa si wote waliofaidi thamani yake.

Dar es Salaam ina mfano wake wa kujifunza. Wachoraji wa Tingatinga, baada ya mwanzilishi wao kufariki mwaka 1972, waliendelea kama kikundi na hatimaye wakaunda chama cha ushirika mwaka 1990. Chombo kinachotambuliwa kisheria kiliwapa jina moja, mahali pa kukutania na sauti moja wanapozungumza na mamlaka. Mafundi watano wa Kiwalani wanaotaka kununua eneo la karakana kwa fedha za pamoja wanaweza kufuata njia hiyo, ama kwa kusajili ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ama kwa kumiliki kwa pamoja kwa hisa zinazojulikana, jambo ambalo Sheria ya Ardhi inaliruhusu. Kinachopaswa kuepukwa ni watano kuchanga na mmoja kuandikwa.

Ardhi ni ya umma, mwananchi ana haki ya kuitumia

Msingi wa kuelewa ununuzi wa nyumba Tanzania ni kwamba ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Anachomiliki mwananchi ni haki ya kutumia ardhi kwa muda na masharti yaliyowekwa, pamoja na maendelezo aliyoyafanya juu yake. Ndiyo maana hatimiliki hutaja muda, ambao huwa miaka 33, 66 au 99, na hutaja matumizi, kwa mfano makazi au makazi na biashara.

Sheria hiyohiyo inaeleza kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi. Asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji kwa utaratibu maalumu. Mtanzania anayemnunulia nyumba rafiki au mwenza wa kigeni kwa kutumia jina lake anaingia katika mpango ambao sheria haiutambui.

Karatasi nne zinazochanganywa

Katika maeneo yaliyojengwa bila kupangwa, ambako inakadiriwa kuwa wanaishi takribani asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam, mnunuzi anaweza kuoneshwa karatasi za aina nne. Zote huitwa "hati" mitaani, lakini nguvu zake hazilingani.

Ya kwanza ni hati ya mauziano, iliyoandikwa na wahusika na mara nyingi kugongwa mhuri wa ofisi ya Serikali ya Mtaa au wakili. Hii inathibitisha kuwa watu wawili walikubaliana. Haithibitishi kuwa muuzaji alikuwa na haki ya kuuza, na haiwi hatimiliki kwa sababu tu imegongwa mhuri.

Ya pili ni leseni ya makazi, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi katika maeneo ya mjini yasiyopimwa. Serikali ilianza utambuzi wa majengo katika maeneo hayo ya Dar es Salaam mwaka 2004, wilaya zikiwa Ilala, Kinondoni na Temeke. Leseni inamtambua mkazi na jengo lake, na baadhi ya taasisi za fedha zimeikubali kama dhamana ya mikopo midogo. Hata hivyo ni ya muda mfupi, usiozidi miaka mitano, na inahitaji kuhuishwa. Mnunuzi asidhani kuwa leseni ya muuzaji inahamia kwake yenyewe. Aanzie ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla ya kulipa.

Ya tatu ni barua ya toleo, inayoonesha kuwa kiwanja kilichopangwa na kupimwa kimetolewa kwa mtu fulani kwa masharti, yakiwemo malipo. Barua hii ni hatua kuelekea hati, hivyo mnunuzi ahakiki kama masharti yake yalitimizwa.

Ya nne ni hatimiliki iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hii ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi. Pamoja na hayo, hati nayo inahitaji kuhakikiwa, kwa kuwa inaweza kuwa na rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu mwingine, au kuwa ya kughushi.

Kukosa hati hakumaanishi kukosa haki zote. Sheria ya Ardhi inaweka msingi wa fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati pale maslahi ya mtu katika ardhi yanapotwaliwa. Hata hivyo, mwenye kumbukumbu zilizo wazi hupata nafasi nzuri zaidi ya kuthibitisha dai lake. Wakazi wa Kipawa na Kigilagila, jirani kabisa na uwanja wa ndege, wanalifahamu jambo hili. Uthamini wa mali zao kwa ajili ya upanuzi wa uwanja ulifanyika mwaka 1997, na wengi walisubiri zaidi ya miaka kumi kulipwa. Katika kipindi hicho mtu hawezi kujenga kwa uhakika, na anayenunua ananunua hali ya kusubiri. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 sasa inaweka ukomo wa miaka miwili kwa uthamini wa fidia kuendelea kutumika, baada ya hapo uthamini mpya unahitajika.

Urasimishaji: nafasi ya kupata hati, na tahadhari yake

Njia inayowawezesha wakazi wa maeneo yasiyopangwa kupata hatimiliki bila kubomolewa mtaa mzima ni urasimishaji. Wananchi hukutana katika mkutano wa mtaa, huchagua kamati, hutambua mipaka ya kila kipande kwa ushahidi wa majirani, kisha wataalamu huandaa mchoro wa mipango miji. Mchoro ukiidhinishwa, upimaji hufanyika, na baada ya hapo kila mwenye kipande huomba kumilikishwa.

Hatua ya mchoro ndiyo inayopaswa kumsimamisha mnunuzi. Mtaa uliojengwa kwa msongamano hauna budi kutoa nafasi ya njia, mitaro na huduma za jamii. Baadhi ya wakazi hukubali kupunguza uzio, wengine hukubali kuachia chumba kizima. Nyumba inayouzwa kwa bei ya chini kuliko za jirani huenda ikawa ile ambayo mchoro umepitisha njia katikati yake. Mnunuzi aombe kuuona mchoro katika ofisi ya mipango miji ya halmashauri, atafute nyumba anayoitaka, na aulize kama ipo ndani ya kipande cha makazi au ndani ya njia.

Malipo ya urasimishaji hukubaliwa katika mkutano wa wananchi. Mnunuzi amuulize muuzaji kama ameshachangia na aone stakabadhi, kwa sababu deni hilo huenda likamfuata mmiliki mpya.

Hatua za kufuata kabla ya kulipa

Kwanza, mnunuzi atambue nyumba ipo katika mamlaka ipi. Tangu Februari 2021, iliyokuwa Halmashauri ya Manispaa ya Ilala ilipandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Nyumba iliyopo Kiwalani hushughulikiwa na Halmashauri ya Jiji. Nyumba iliyopo Yombo Vituka, ambayo ni mwendo mfupi kwa miguu, hushughulikiwa na Manispaa ya Temeke. Anayehakiki katika ofisi isiyohusika atarudi na jibu la "haipo", na muuzaji asiye mwaminifu anaweza kulitumia jibu hilo kumwambia kwamba eneo bado halijaingizwa kwenye kumbukumbu.

Pili, kama kuna hati, afanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi hutolewa kwa maandishi na huonesha jina la mmiliki, muda uliobaki, rehani na mazuio. Kama hakuna hati, aulize ofisi ya ardhi ya halmashauri kuhusu leseni, mchoro na mpango wowote wa utwaaji.

Tatu, ahakiki mtu anayeuza. Kitambulisho cha Taifa kilinganishwe na jina lililo katika nyaraka. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamlinda mwenza hata kama jina lake halimo kwenye hati. Nyumba ya urithi huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo pekee hakitoshi, hata kama wajumbe wote wamesaini. Migogoro mingi huanzia hapa: kaka mkubwa anauza, mdogo aliye mkoani anarudi kudai.

Nne, akague eneo lenyewe, ikiwezekana siku ya mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inalinda hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, ambayo ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa maeneo ya jirani na uwanja wa ndege, urefu wa majengo hudhibitiwa kwa usalama wa anga, hivyo anayekusudia kujenga ghorofa aulize mapema. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke za wakati huo, umejenga barabara na mitaro katika maeneo mengi. Hata hivyo mtaro mmoja hauondoi maji ya kila uchochoro.

Tano, azungumze na majirani. Wao ndio wanaojua mpaka halisi, kesi iliyoko barazani na familia iliyokwisha kuchukua malipo ya awali ya nyumba hiyohiyo. Azungumze pia na dalali kwa uwazi kuhusu ada yake, akikumbuka kuwa dalali hulipwa biashara inapokamilika na hivyo si mhakiki wa nyaraka.

Nafasi ya Serikali ya Mtaa

Mwenyekiti wa Mtaa huchaguliwa na wananchi, na Mtendaji wa Mtaa ni mtumishi wa halmashauri. Ofisi yao inawajua wakazi, na ushuhuda wao ni wa thamani. Hata hivyo, ofisi ya mtaa haimilikishi ardhi. Aidha, desturi ya kudai asilimia 10 ya bei ya mauzo ili kugonga mhuri haina msingi katika Sheria ya Ardhi. Mwananchi anayedaiwa kiasi hicho aombe kuoneshwa sheria ndogo ya halmashauri inayoruhusu malipo husika.

Malipo yoyote halali ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia benki au simu. Fedha inayotolewa mkononi bila namba hiyo haijaingia serikalini.

Kulipa, kodi na kuhamisha umiliki

Mkataba wa mauzo ya ardhi uwe wa maandishi. Utaje pande zote, mipaka, bei, utaratibu wa malipo, wapangaji waliomo, madeni ya maji na umeme, na kitakachofanyika iwapo uhamisho utakwama. Malipo yapite benki. Salio kubwa libaki mpaka nyaraka za uhamisho zisainiwe.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Fundi samani alinunua nyumba kwa shilingi milioni 30, na sasa anaiuza kwa shilingi milioni 50. Faida ni milioni 20. Kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, yaani shilingi milioni 2, nayo ni jukumu la muuzaji. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei, yaani shilingi 500,000, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Fundi huyo akiwa ametunza stakabadhi za paa na sakafu aliyoongeza, gharama hizo hupunguza faida inayotozwa kodi. Sheria pia inatoa nafuu katika mazingira fulani kwa nyumba ya kuishi mwenyewe, na viwango huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Pande zote zifike ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya kusaini.

Baadhi ya wahusika huandika bei ndogo ili kupunguza kodi. Anayeumia zaidi ni mnunuzi. Siku mauzo yakibatilishwa na mahakama, atarudishiwa kilichoandikwa. Na siku atakapouza yeye, faida yake itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Baada ya kununua, mmiliki atofautishe kodi mbili. Kodi ya jengo hukatwa kupitia umeme wa LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kando kila mwaka na mwenye hati. Kulipa moja hakufuti deni la nyingine.

Kuishi na kufanya kazi chini ya paa moja

Mtaa wa ubunifu una kelele, vumbi la mbao, harufu ya rangi na wateja wa usiku. Anayenunua aje akijua hivyo, na anayefanya kazi ajue kuwa jirani ana haki ya kulala. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, zinaweka viwango tofauti vya mchana na usiku kulingana na aina ya eneo. Studio iliyozuiwa sauti kwa ukuta mnene, au karakana inayozima mashine jioni, hudumu mtaani kuliko ile inayosubiri malalamiko.

Mwenye kiwanja cha makazi anayetaka kukigeuza karakana ya kudumu aombe kubadili matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri anapoongeza jengo. Benki inayoombwa mkopo huangalia kama matumizi yaliyo kwenye hati yanalingana na yanayoonekana.

Mpangaji naye asiachwe nje ya mazungumzo haya. Wabunifu wengi huanza kwa kupanga. Mkataba wa maandishi unaotaja kodi, muda wa taarifa ya kuondoka, kazi inayoruhusiwa na hatima ya matengenezo yaliyofanywa na mpangaji humlinda pale nyumba inapouzwa. Mnunuzi wa nyumba yenye karakana iliyopangishwa ausome mkataba huo kabla ya kununua.

Fedha zinapatikana wapi?

Mkopo wa nyumba wa benki kwa kawaida huhitaji hatimiliki. Kampuni ya Tanzania ya kuwezesha mikopo ya nyumba, TMRC, ilianzishwa mwaka 2010 ili benki zipate fedha za muda mrefu za kukopesha. Kwa mitaji ya kazi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania kwa wasanii. Mikopo hii ni ya kuendeshea shughuli, na kuitumia kununulia nyumba huacha kazi bila mtaji na deni bila chanzo cha kulipia.

Mgogoro ukitokea

Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, husuluhisha migogoro ya ardhi na halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo husikiliza madai ya kurejesha mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12, hivyo anayenyamaza kwa kuona haya ndugu anaweza kupoteza haki kwa kupitwa na muda. Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi pia huendesha kliniki za ardhi, ambako mwananchi husikilizwa na wataalamu wa fani mbalimbali mahali pamoja.

Mwananchi anayekwenda kuona nyumba Kiwalani, au katika mtaa wowote unaofanana nao Kinondoni na Temeke, aende na maswali matatu ya kuanzia: nyumba hii ipo halmashauri gani, inasomekaje kwenye mchoro wa mipango miji, na nani mwenye mamlaka ya kisheria ya kuiuza. Muuzaji wa kweli hatachukizwa na maswali hayo. Asiyetaka yajibiwe kwa maandishi ameshatoa jibu, na mnunuzi anashauriwa kutunza fedha yake hadi apate nyumba nyingine.